Gari Lililokaa Mezani

Vumbi likiungua juu ya kauri lina harufu yake. Si ya plastiki, si ya waya. Ni kavu, inakwaruza puani, kana kwamba mtu ameamua kukaanga udongo bila mafuta. Juzi nilikuwa saluni hapa Kisumu nikisubiri zamu yangu, binti mmoja akawasha draya kuukuu iliyokuwa imekaa kabatini muda mrefu, na harufu hiyo ikanifikia. Nilikunja uso papo hapo. Binti akaniomba radhi akidhani moshi umenikera. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Kaloleni, nina miaka kumi na mmoja, nimeketi kwenye kigoda na hasira zangu zote, nikingoja gari lisiloisha kutengenezwa?

Mama yangu alikuwa fundi wa redio katika soko la Kibuye. Nikisema hivyo watu hudhani ulimi umeteleza, kwamba nilitaka kusema Baba. Hapana. Baba alikuwa dereva wa lori, tulimwona mara moja kwa mwezi, na balbu ikiungua akiwa nyumbani alikuwa akimsubiri Mama arudi kazini aje aibadilishe. Mama ndiye aliyekuwa na chuma cha kulehemu. Wateja walimwita Nyar Katito, yaani binti wa kutoka Katito, kwao alikozaliwa, na wale waliokuja mara ya kwanza walimpita wakiuliza fundi yuko wapi. Aliwaacha waulize hadi wachoke.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na meza moja. Nusu ya meza ilikuwa ya chakula, nusu ya redio za watu ambazo hazikumalizika kibandani, na mpaka kati ya nusu hizo ulikuwa ukisogea bila taarifa. Nimewahi kukuta skrubu ndani ya ugali. Nilipolalamika, Mama aliipokea kwa furaha kweli kweli, akasema alikuwa akiitafuta tangu Jumanne.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Nyanya Zuhura, mama mtu mzima wa Kiislamu aliyeuza vitu vya kuchezea vya mitumba. Belo ya vitu hivyo ilipofunguliwa uani kwake, watoto wa mtaa mzima tulisimama tukitazama kama walio kwenye arusi. Mjukuu wake Halima alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo mimi nilisimama mbele. Siku ninayoizungumzia, chini kabisa ya belo, chini ya wanasesere wasio na vichwa, lilitoka gari.

Lilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Magurudumu ya nyuma yalikuwa manene yenye vijimiiba vya mpira, ya mbele membamba. Halikuwa na rimoti, halikuwa na betri, na vumbi lilikuwa limegandamana na grisi hadi likawa ngozi. Mama alikuwa akipita kutoka Kibuye na kikapu chake. Akasimama. Akaliokota, akaligeuza tumbo juu, akabonyeza upande wa nyuma kwa kidole. Gari likashuka, kisha likapanda polepole, likitoa pumzi.

"Dada Zuhura, hii umetoa wapi?"

"Imetoka na belo, mwenzangu. Haina rimoti, haina chochote. Chukua uwatolee watoto magurudumu."

Mama hakucheka. Alisema, "Hii mtu alikaa chini akaifikiria," na siku iliyofuata redio ya Nyanya Zuhura, iliyokuwa bubu tangu mwezi wa Ramadhani, ikaanza kuimba. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo. Majirani walipouliza kwa nini amebeba takataka, Mama aliwajibu kwamba ni gari la Achieng'. Achieng' ni mimi. Nami niliyasikia kwa masikio yangu mawili.

Shuleni nilitangaza asubuhi iliyofuata. Niliwaambia darasa zima kwamba nina gari la rimoti, la kweli, lenye springi. Edwin, ambaye baba yake alikuwa na jumba Milimani na ambaye mjomba wake alimletea gari kama hilo kutoka ng'ambo, jipya, ndani ya boksi, aliniuliza nitalileta lini.

"Kesho," nikasema.

Laiti ningejua.

Mama hakulitengeneza gari lile. Alilisoma. Jioni baada ya chakula, na Jumapili baada ya kanisa, alilifungua kipande kwa kipande na kuvipanga vipande juu ya gazeti, na nilitakiwa kukaa kwenye kigoda nikisikiliza. Kwa Nyanya Zuhura alikuwa ameokota magari mengine mawili mabovu ya zamani zaidi, akayaweka kando ya letu ili nione yalivyotoka mbali. La kwanza lilikuwa la bati, na waya mrefu uliotoka matakoni mwake hadi kwenye kidude cha kushika mkononi. Ukitaka liende mbali, uende nalo. La pili lilikuwa na redio, lakini rimoti yake ilikuwa na kitufe kimoja. Ukiliwasha lilienda mbele moja kwa moja. Ukibonyeza, lilirudi nyuma huku limekunja tairi moja, na hapo ndipo lilipoweza kugeuka.

"Sasa fikiria," Mama aliniambia, "unataka kwenda kushoto, lazima kwanza urudi nyuma. Ungesikiaje?"

"Vibaya."

"Basi kuna mtu alisikia vibaya. Akakasirika, akakaa, akaweka hii." Alinionyesha kimota kidogo ndani ya gari letu ambacho kazi yake ilikuwa kukunja magurudumu ya mbele tu, kidogo au sana, kadiri unavyozungusha usukani wa rimoti. "Kila kitu ndani ya hii gari ni hasira ya mtu fulani, nyathina, mwanangu."

Alinionyesha pia mkono wa shaba uliotembea juu ya vitone vitatu vya shaba. Kitone cha kwanza ni mwendo wa pole, cha pili ni wa kati, cha tatu ni mbio. Nguvu ya umeme iliyozuiwa kwenye mwendo wa pole ilipitia kijiti cheupe cha kauri, nacho kilipata moto kama jiko. Aliyeunda gari alikifunga kijiti hicho nje, mgongoni, ili upepo ukipoze likikimbia. Baadaye, alisema, walikuja wengine wakaona ni upuuzi kuchoma betri namna hiyo, wakaweka vifaa vya kielektroniki na kile kijiti kikatupwa. Gari la Edwin bila shaka halikuwa nacho.

Leo ningekaa kwenye kigoda kile wiki nzima. Wakati ule nilikuwa nikisikia sauti ya Halima nje mlangoni, akipiga mluzi wetu, na kila neno la Mama lilikuwa kama nzi puani. Sikutaka hasira za watu nisiowajua. Nilitaka gari litembee.

Betri alizitengeneza mwenyewe, sita, alizozitoa kwenye drili zilizokufa na kuziunganisha kwa risasi ya kulehemu. Rimoti aliipata kwa fundi mwenzake wa mtaa wa Manyatta baada ya majuma matatu. Nilikimbia kutoka shule siku hiyo. Tukawasha. Gari likatutazama tu.

"Kristali," Mama akasema.

Ndani ya rimoti kuna kipande kidogo kama meno mawili ya bati, na ndani ya gari kuna pacha wake. Wasipofanana, gari halisikii. Kila jozi ina rangi yake, na watu wa zamani walifunga utepe wa rangi hiyo kwenye eriali ili wajuane. Mama alinieleza kwa nini ilibidi wajuane, alieleza kwa kirefu, akatumia vijiko viwili na kikombe. Mimi nilikuwa nimegeuza uso ukutani nikilia. Jozi aliipata baada ya mwezi mwingine, kwenye mashua ya kuchezea iliyovunjika. Akafunga utepe mwekundu juu ya eriali.

Nao darasani wakaacha kuniita Achieng'. Wakaniita Kesho. "Kesho, njoo ufute ubao." "Kesho amechelewa leo." Hata mwalimu wa hesabu aliniita hivyo mara moja, akajishika mdomo.

Siku lilipotembea kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, alasiri, kwenye nafasi kati ya nyumba zetu na za nyuma. Lilinguruma, likaruka mbele hatua nne au tano. Kisha harufu ile ya udongo uliokaangwa, na Mama tayari amelibeba, amelishika kama mtoto mwenye homa.

"Kijiti kinapata moto sana. Kuna kitu kinakwama."

"Mama, liache kidogo tu!"

"Mos mos, polepole. Bado."

Likarudi mezani. Kijiti kilipotulia, akaona mafuta ya ndani ya springi ni mepesi mno. Alijaribu mafuta ya kupikia, gari likanuka chapati. Alijaribu ya cherehani. Akachanganya. Mafuta yalipokubali, tairi za nyuma zilikuwa zimechakaa, akakata mpira wa baiskeli na kuubandika, vijimiiba kwa vijimiiba, kwa wembe. Kila mara nilipoona magurudumu manne yako chini, bisibisi ilitoka tena. Muhula mzima. Redio ya mtu yeyote Kisumu nzima aliimaliza kwa siku mbili, lakini gari langu, la binti yake mwenyewe, liliishi vipande vipande juu ya gazeti.

Edwin akasema Jumamosi ya kufunga shule atakuja Kaloleni na gari lake, kiwanjani, na kama mimi si mwongo nije na langu. Nilimwambia Mama siku kumi kabla. Aliahidi. Nawaapia aliahidi, alisema, "Jumamosi, sawa," huku ana skrubu katikati ya midomo.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta gari liko wazi, sanduku la gia limetolewa, na Mama anajifunga leso aende Kibuye.

"Mama. Leo ni Jumamosi."

"Gia ya nyuma imekula jino moja. Ukiipeleka hivyo itakula na mengine."

"Uliahidi!"

"Nitafanya jioni."

"Edwin anakuja saa nane!"

Alinitazama, akaitazama gia, na nikaona ni nani kati yangu na ile gia aliyekuwa na uzito. "Basi mwambie aje Jumamosi ingine," akasema, na akaenda.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kisha nikamwita Halima, tukafunga mlango, nikaanza kulifunga gari upya. Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichoniudhi zaidi: nilijua. Mikono yangu ilijua kila kipande kinakaa wapi. Nilikuwa nimesikiliza bila kutaka. Halima alinishikia tochi chini ya fremu, nikakaza, nikaunganisha, nikaweka betri. Skrubu mbili zilibaki gazetini. Tulitazamana.

"Labda zilikuwa za ziada," Halima akasema.

Nikazitia mfukoni.

Kiwanjani walikuwa wamejaa. Darasa letu, watoto wa mtaa, wanaume watatu wa boda boda waliokuwa wakingoja abiria, wamekaa juu ya pikipiki zao. Edwin alikuwa amevaa viatu vyeupe. Gari lake liling'aa, halikuwa na mkwaruzo, na juu ya eriali yake kulikuwa na kiutepe. Kiutepe chekundu. Nilikiona. Nilikitazama kabisa, wasomaji wangu, nikasema moyoni: tumefanana, vizuri.

"Kesho ni leo!" mtu akapaza sauti, wakacheka wote, lakini kicheko kilikuwa kizuri, cha watu wanaotaka kuona.

Niliweka gari chini. Nikasukuma kidude cha mwendo. Gari likatulia kidogo, kisha likaondoka, na nyuma yake vumbi likasimama kama ukuta. Lilipanda kichuguu kidogo cha udongo, magurudumu yote manne yakaacha ardhi, likatua, likainama, likainuka, likaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mmoja wa wale wa boda boda alimaka kwa Kijaluo, "Yawa!" Sijawahi tena maishani kusikia neno tamu kama lile.

Ndipo Edwin akawasha rimoti yake.

Gari langu lilikata kushoto. Sikuwa nimegusa usukani. Nikazungusha kulia; likazidi kushoto. Edwin akarudisha lake nyuma, langu nalo likarudi nyuma, likazunguka, likatetemeka kama mtu anayeitwa na watu wawili. Watoto walianguka chini kwa kucheka.

"Kesho, gari yako inaskia Edwin!"

"Zima yako!" nikamlilia. "Edwin, zima!"

"Zima yako wewe!"

Hakuna aliyezima. Mimi nilijua kwa nini jambo lile linatokea. Lilinijia lote kwa pamoja, vijiko viwili na kikombe, rangi moja, sauti mbili, sikio moja. Nilijua na bado sikuzima, kwa sababu ningezima mimi, yeye ndiye angekuwa ameshinda. Mkono wa shaba ukakwama kwenye kitone cha tatu. Gari likakimbia moja kwa moja kupita miguu ya watu, kupita pikipiki, likatumbukia mtaroni, likapiga jiwe, na hapo likabaki, magurudumu yamebanwa, mota ikilia na kusukuma jiwe ambalo halikuwa na nia ya kuondoka. Halima ndiye aliyeruka ndani ya maji machafu. Alipofika kwenye swichi moshi ulikuwa umeshatoka. Sanduku la gia lilikuwa limelainika kama sabuni, na mkono mmoja wa gurudumu la mbele ulining'inia kwa waya.

Mama alirudi akakuta gari juu ya gazeti, nami kwenye kigoda. Sikuficha. Alivua viatu. Alikaa. Aligusa sanduku la gia, akanusa kidole.

"Ungeniita," akasema.

"Ningekuita ungesema bado!" Nilisimama. "Kila siku bado! Za watu wote unamaliza! Ni gari langu na sijawahi kuliendesha hata siku moja!"

Aliinua macho. "Lako?"

Neno hilo moja tu. Hakulisema kwa ukali wala kwa dharau. Ningejua la kufanya na ukali. Alilisema kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Kisha akakusanya vipande, akavitia ndani ya boksi la viatu, akaliweka juu ya kabati. Akavuta redio ya mteja, akawasha chuma cha kulehemu. Tangu jioni ile nusu ya meza ilibaki nusu, na mpaka haukusogea tena.

Nilimkasirikia miaka. Nilipokuwa sekondari, nilipoenda chuo, hadithi hiyo nilikuwa nikiisimulia kama mfano wa mzazi asiyejua kumaliza jambo la mtoto wake. Wenzangu walinipa pole. Nilizipokea.

Kisha nikaanza kazi mwenyewe, nikapata meza mwenyewe, na kila kilichokuwa juu yake kilikuwa na mtu anayekisubiri. Ukimaliza kimoja, mwenyewe anakuja kukichukua, na asante yake inaishia mlangoni. Sikukumbuka gari wakati huo. Lakini nadhani ndipo nilipoanza, polepole sana kwa mtu aliyesoma, kuelewa mtu ambaye siku nzima anatengeneza vya wengine angependa kuwa na kitu gani, na kwa nini asingekuwa na haraka ya kukimaliza.

Mama sasa yuko Katito. Macho yake hayaoni tena nyuzi ndogo, kibanda alikiacha. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nikamkuta kibarazani akichambua majani ya kunde, nikakaa nikamsaidia.

"Mama," nikasema, "lile gari lilikuwa la nani?"

Hakuuliza gari gani.

"Langu," akasema. Kisha akacheka, uso wake umeinama. "Lakini ningemwambia nani, Achi? Mama mzima, mke wa mtu, na gari ya watoto. Nikawa nasema ni ya Achieng'. Nikasema hivyo mpaka wewe mwenyewe ukaamini."

Tulichambua kidogo. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Siku ile. Ilikimbia?"

"Ilikimbia, Mama."

"Sana?"

Nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwambia. Nilikuwa nimemsimulia kila mtu isipokuwa yeye. Nilimwambia habari za vumbi, za kichuguu, za magurudumu manne hewani, na namna lilivyotua. Mikono yake ilisimama juu ya majani. Aliniuliza kama lilipotua lilidunda mara moja au mbili. Nikasema mara moja. Akaitikia kwa kichwa polepole, akarudia kwa sauti ndogo, "Mara moja." Akauliza kama kushoto lilikata vizuri, maana kushoto kulikuwa kukimpa wasiwasi.

"Sijui, Mama. Kushoto alikuwa anaendesha Edwin."

Alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. Nami nilicheka, lakini hasira yangu ya zamani ilikuwa imekaa pale pale kifuani, imegeuka upande tu. Gari lile lilikimbia mara moja maishani mwake. Darasa zima liliona, watu wa boda boda waliona, Edwin na viatu vyake vyeupe aliona. Aliyelijenga alikuwa Kibuye, ameinamia redio ya mtu mwingine, na ni mimi niliyefunga mlango nikaliondoa bila kumwita.